Poa Haipiki Pilau

Kuna maneno yanayofanya kazi, na kuna maneno yanayokula mshahara wa bure. Katika kundi la pili, mwenyekiti ni "cool" la Kiingereza, na katibu wake ni pacha wake wa huku kwetu, "poa". Nimewavumilia wote wawili kwa muda mrefu. Leo nasema.

Kwa asili "cool" ni neno la hewa tu. Wala si baridi ya Makete, ile ya kulala na koti. Ni ubaridi wa kiasi, wa maji ya mtungini. Lingebaki hapo, nisingekuwa na ugomvi nalo. Lakini kufika zama za Shakespeare, kwenye mwaka 1600 hivi, lilikuwa limeshahamia rohoni: katika Hamlet linakaa ubavuni mwa subira, mama akimbembeleza mwanawe atulize jazba. Sawa, nalo hilo naliafiki. Mwenye hasira apoe.

Baada ya hapo likawa kama daladala lisilo na kituo, linapakia yeyote. Mgeni akipokewa kwa namna iliyo "cool", ujue kanuniwa. Mgeni huyohuyo akisemwa kuwa yeye mwenyewe ni "cool", ujue watu wanagombea kukaa naye. Ukiambiwa na Mwingereza kwamba umeachwa upoze visigino, maana yake umekalishwa kwenye benchi la ofisi unangoja mkubwa amalize chai. Ukitiwa kwenye "cooler", usitarajie soda: hicho ni chumba cha mahabusi, kama kile anachotupiwa Steve McQueen kila mara katika filamu ya The Great Escape ya mwaka 1963. Na mtu akikutajia milioni iliyo "cool", hiyo haikutoka kwenye friji. Ni milioni kamili, ila kaipamba ili wewe usilale. Mwandishi wa Marekani Nathanael West aliipa riwaya yake jina hilo mwaka 1934, na kijana anayeitafuta bahati humo ndani anapoteza meno, anapoteza jicho, anapoteza mguu, mwishowe anapoteza na uhai.

Wanasiasa nao hawakukaa mbali. Mwaka 1924 Calvin Coolidge aligombea urais wa Marekani, na wapambe wake wakaona jina lake limeshawafanyia nusu ya kampeni: wananchi wakaombwa watulie na Coolidge. Bwana huyu alisifika kwa kutosema, na kwa hiyo kaulimbiu ilimkaa sawasawa. Akashinda. Machi 1929 akafungasha virago vyake, na Oktoba ya mwaka huohuo soko la hisa la New York likaporomoka. Waliobaki ndio waliotafuta utulivu wasiupate.

Nitakuwa mwonevu nikificha kwamba neno hili liliwahi kuwa na heshima zake. Lester Young, mpiga saksafoni mweusi, ndiye anayetajwa sana kwamba alilieneza miongoni mwa wanamuziki wa jazz. Enzi hizo Mmarekani mweusi aliweza kushangiliwa jukwaani na akakatazwa kuingia ukumbini kwa mlango wa mbele, usiku uleule. Kutoonyesha hasira mbele ya watu waliotamani kuiona hasira hiyo ilikuwa kazi ya kiume na ya kike, na ilikuwa na gharama yake. Muziki wenyewe ukafuata mwendo huo: vipande alivyorekodi Miles Davis na wenzake mwaka 1949 na 1950 vilikusanywa mwaka 1957 katika santuri iitwayo Birth of the Cool. Na mwaka 1973 msomi Robert Farris Thompson akaandika kwamba mizizi ya kuuona utulivu kuwa ndio uzuri na ndio nguvu iko Afrika, akiwatolea mfano Wayoruba. Kama ni hivyo, mzigo ulikuwa wetu tangu mwanzo, na sisi tunaununua upya kwa bei ya rejareja.

Upoaji wa aina hiyo nauvulia kofia. Tatizo langu ni huu wa leo, unaotoka mdomoni mwa kijana macho yakiwa kwenye simu.

Tena sisi tulikuwa na kitenzi chetu kizima, kisicho na deni. Kupoa. Chai ikipoa, tunaipasha. Homa ikipoa, tunamshukuru Mungu. Biashara ikipoa, tunakopa. Mtoto akipoa, yaani akikaa kimya pembeni hataki kucheza wala uji, mama yake anambeba mgongoni moja kwa moja hadi zahanati. Kisha kijana wa miaka ishirini na tano, ndevu zimejaa, unamuuliza hali, anakujibu kwamba yuko poa, na anataka umpongeze! Ukimwongezea swali atakwambia yuko poa kichizi kama ndizi kwenye friji. Mtu huyu hajawahi kuweka ndizi kwenye friji. Ndizi kwenye friji inageuka nyeusi ganda zima, na mwenye nyumba akiiona anaitupa. Hiyo ndiyo hali unayojisifia?

Salamu nazo zimeshapotea njia. Mtoto wa jirani ananikuta nimekaa barazani, mvi zangu zinaonekana hata akiwa mbali, ananiambia, "Mambo vipi, anko?" Shikamoo imekwenda wapi sijui. Na anasimama pale ananitazama, akingoja na mimi niseme poa. Sisemi. Nasema, "Marahaba." Anacheka, anasema, "Poa, anko," anaondoka. Hapo nani kamsalimia nani?

Hata hivyo salamu ningezisamehe. Nisichoweza kusamehe ni poa ya kazini. Mwambie fundi seremala, "Kabati nalitaka Jumamosi, mbao mninga, bawaba za shaba." Anajibu, "Poa, mzee." Jumamosi unafika, mninga bado uko gogo. Unafoka. Anakusikiliza kwa adabu zote, kisha anasema, "Poa, mzee, usijali." Ukimshitaki utasema nini? Hakuahidi. Hakukataa. Alitoa taarifa ya hali ya hewa.

Maofisini wamevaa tai lakini ugonjwa ni huohuo. Mfanyakazi anaandika barua pepe ndefu yenye adabu, anaeleza kwamba mshahara hautoshi, anataja kodi ya nyumba, ada ya watoto, bei ya nauli. Bosi anajibu kwa neno moja: "Cool." Maskini ya Mungu anaizungusha simu huku na huku, anamwonyesha mkewe, anamwonyesha shemeji yake aliyesoma. Wanakaa kikao. Ni kwamba ombi limekubaliwa? Ni kwamba bosi kanuna? Au alikuwa anamjibu mtu mwingine?

Lakini msiba mkubwa uko kwenye kamati za harusi. Mimi nimekuwa mhasibu wa kamati, nazungumza nikiwa na daftari mkononi. Unaandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: "Ndugu zangu, asalaam aleikum, Bwana asifiwe. Tunakumbushana michango, mwisho Ijumaa." Dakika haipiti, majibu yanamiminika. Baba mdogo: poa. Binamu wa Mwanza: poa sana. Mpwa anayesoma nje: cool, na mapicha ya dole gumba. Shangazi, ambaye hata simu alifundishwa kuitumia na wajukuu, naye: poa wanangu. Ukoo mzima umepoa. Ukigeukia daftari, safu ya walioahidi imejaa na safu ya waliolipa ni nyeupe kama karatasi ilivyotoka kiwandani.

Ijumaa inafika. Mwenye ukumbi anataka fedha yake. Mpishi anataka mchele, nyama, vitunguu, mafuta, bizari ya pilau. Nimwambie nini? Kwamba ninazo poa arobaini, achague kubwakubwa atie sufuriani? Poa haipiki pilau. Na siku ya sherehe wote watakuwepo, wa kwanza kwenye foleni ya chakula, na wakikuta nyama imeadimika watasema kamati imechemsha. Hapo ndipo utawajua watu wako: kwenye kuchanga walipoa, kwenye kulaumu wamepata moto.

Wapo watakaonijibu kwamba neno hili linarahisisha maisha na kwamba mimi ni mzee mkorofi. Linarahisisha maisha ya nani? Anayelisema anaondoka mwepesi, hana deni wala ahadi. Anayeambiwa ndiye anayebaki kutafsiri, kupiga simu tena, kwenda kwa fundi tena na kutoa fedha za mfukoni mwake ili bibi harusi asiaibike. Ndiyo ina uzito, na mtu akiisema anaweza kudaiwa. Hapana nayo ina uzito wake, maana inakupa muda wa kutafuta mlango mwingine. Hata lile jibu letu la zamani, "Mungu akipenda", lilikuwa na mdhamini mkubwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mdogo kwa mkubwa, nina ombi. Ukiulizwa hali, na hali ni mbaya, sema ni mbaya upewe pole. Ukiombwa kazi na huiwezi, sema huiwezi. Na ukiombwa mchango, sema ninao, sema sina, au sema nisubiri mwisho wa mwezi, yote nitayaandika daftarini bila kinyongo. Ila ukishasema ninao, tuma leo. Harusi ni Jumamosi.