Namna ya Kuikagua Mashine ya Kura Bila Kutoka Kiminini

Kwanza kula ushibe. Kuhesabu kura ni kazi ya usiku, na njaa huharibu hesabu. Beba koti pia. Baridi ya Trans Nzoia mwezi wa Agosti haibagui chama.

Sasa ijue mashine. Kifaa cha KIEMS hukutambua kwa alama za vidole, na kura zikishahesabiwa, hupiga picha Fomu 34A, yenye matokeo ya urais ya kituo, na kuituma. Kura yenyewe bado ni karatasi. Shukuru.

Kisha omba kuona programu inavyofanya kazi. Omba kwa adabu, kama mtu anayetaka kuona kinu kinachosaga mahindi yake. Ukiambiwa kuna siri, usitahayari. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliagiza sava za Tume ya Uchaguzi zifunguliwe, Tume ikatii nusunusu, na tarehe 1 Septemba uchaguzi wa rais ukafutwa. Mwaka 2022 programu ilikuwa ya kampuni ya Smartmatic, na suala la hakimiliki likaibuka sava zilipotakiwa tena. Mimi silikubali hilo, nawe usilikubali. Kifungu cha 86 cha Katiba kinataka mfumo wa kura uwe rahisi, salama, wa uwazi na unaoweza kuthibitishwa. Utathibitishaje usichoruhusiwa kukisoma? Dai programu huria, ambayo yeyote anaweza kuifungua na kuisoma.

Wewe si mtaalamu? Si lazima uwe. Uswisi ilipoweka wazi programu ya kura zake mwaka 2019, watafiti wa nje waligundua dosari ambayo ingewezesha kura kubadilishwa bila kushtukiwa. Vijana wanaosomea kompyuta Kitale na Bungoma wana macho vilevile. Wapeni wasome.

Lakini hata programu ikifunguliwa, usilale. Waulize wazee waliopiga kura ya mlolongo katika mchujo wa chama cha KANU mwaka 1988. Watu walipanga foleni nyuma ya wagombea mchana kweupe, kila mtu akaona foleni ya nani ni ndefu, na bado kuna wenye foleni fupi waliotangazwa washindi. Wananchi walikuwa na macho. Kalamu walikuwa nayo wengine.

Kwa hiyo beba kalamu yako. Fomu 34A ikishabandikwa mlangoni pa kituo, ipige picha, kisha ilinganishe na ile iliyo kwenye tovuti ya Tume. Mwaka 2022 vituo vilikuwa 46,229, na fomu zake ziliwekwa mahali ambapo mwenye intaneti yeyote angeweza kuzijumlisha. Usijitwishe nchi nzima. Gawaneni vituo vya jimbo la Kiminini na majirani, mmoja asome kwa sauti, mwingine aandike, kisha mlinganishe jumla yenu na Fomu 34B, yenye matokeo ya jimbo zima. Hesabu zikigongana, rudieni taratibu. Zikigongana tena, mtafuteni wakili asubuhi hiyohiyo: kesi ya urais hufunguliwa ndani ya siku 7 baada ya mshindi kutangazwa, na wakili atazitaka picha zote.