Sifa za Mlezi Asiyekula Bukari

Waimbaji wa Lubumbashi huwasifu wenye migodi na wagombea viti. Mimi namsifu mlezi wa watoto wetu: simu ya kugusa.

Kwanza, ni mzaliwa wa hapa. Kobalti ya betri yake huenda ilichimbwa Kolwezi, ikapita Kasumbalesa juu ya lori, ikazunguka hadi China, ikarudi imevaa kioo. Haombi mshahara, hali bukari, haagi kwenda matangani siku mbili akakaa wiki.

Lakini sifa yake kuu ni kimya. Mtoto wa miaka mitatu, kwa desturi, ni balaa la maswali: hii nini, ile nini, kwa nini mbuzi hana viatu. Zamani parseli nzima ilitumikishwa kumjibu: nkambo, shangazi, hata muuza makala. Eti ndivyo maneno yanavyomwingia mtoto, kwa kujibiwa na mtu anayemtazama usoni. Simu imetukomboa. Siku hizi mtoto ananyamaza akila, ananyamaza akioga, ananyamaza mpaka wageni wanauliza kama anaumwa. Ukimwita haitiki; wanafalsafa walitafuta utulivu huo hadi uzeeni. Juzi nkambo alipoanza kumsimulia mmoja wa watoto hao hadithi ya sungura, mtoto alimpitishia kidole shavuni, kama anayeruka tangazo. Tulicheka. Nkambo hakucheka.

Shirika la Afya Duniani lilituandikia Aprili 2019: chini ya miaka miwili, kioo hapana kabisa; kuanzia miwili hadi minne, isizidi saa moja kwa siku. Badala yake mtoto aliyetimiza mwaka acheze na kukimbia, jumla ya saa tatu au zaidi kila siku.

Akimbie wapi, jamani? Kiwanja cha mtaa wetu kilikatwa parseli, na aliyetia sahihi anapita hapa kila asubuhi ndani ya gari la vioo vyeusi, anasalimiwa. Shule za msingi za serikali zilitangazwa bure mwaka huohuo wa 2019. Materneli haikuguswa, mzazi alipe au akae na mtoto wake. Na sisi wazazi tunalalamika kwamba simu imeharibu watoto, tukiwa tumeinamisha vichwa, kila mmoja kwenye yake.

Anayetii ushauri wa Shirika hilo la Afya katika mji huu ni umeme peke yake. Ukikatika, betri inakufa, mtoto anatoka nje. Jana alifika kwenye ukuta wa kilichokuwa kiwanja, akanyoosha kidole kwenye maandishi mekundu: wameandika nini?

"Parseli hii haiuzwi."

Akauliza basi nani aliiuza. Simu yangu ilikuwa bado na betri kidogo, nikampa.