Kandambili ya Kushoto

Jirani yangu kaleta kitoto cha mbwa, na kabla hakijapata hata jina kikapata sanduku la vichezeo: mpira unaolia pwii ukiung'ata, kamba ya kuvutana, bata wa kitambaa mwenye macho ya vifungo. Watoto wa mtaa, ambao mpira wao ni soksi iliyojazwa matambara, walisimama getini wakihesabu mali ya mbwa.

Muuzaji wa vichezeo alimweleza jirani kwa upole wa daktari. Kitoto kina meno 28 ya utotoni, yatang'oka kupisha 42 ya ukubwani (nusura aseme ya utu uzima), fizi zinawasha, lazima kitafune. Kichezeo kisiwe kidogo cha kumezeka. Wala kisiwe kigumu: ukikibonyeza kwa ukucha kisipobonyea, kitavunja jino. Kweli tupu, sina ubishi. Mwenye ubishi ni mbwa.

Siku ya tatu bata hana jicho moja. Jicho lilionekana kesho yake uani, limepita njia ndefu. Mpira ukafungiwa kabatini na jirani mwenyewe baada ya kukosa usingizi. Naye bwana mdogo kajilaza mlangoni, kaikumbatia kandambili ya kushoto ya mama mkwe, macho kayafumba kwa raha.

Juzi nimemkuta jirani dukani kwa Mangi akinunua kandambili jozi mbili.

"Namba ngapi, kaka?"

"Ya mama, namba 6. Ya huyu mwingine nipe yoyote, mradi ya kushoto iwepo."