Dunia Ndogo, Hasa Mwezi wa Kura

Mwaka 1967 msomi wa Marekani, Stanley Milgram, alipitisha barua mikononi mwa watu wanaojuana, akakuta kati ya mgeni na mgeni kuna watu watano au sita hivi. Angekuja Fukayosi angeokoa stempu. Hapa kwetu, kwenye barabara ya Bagamoyo hadi Msata, picha ya mtu tusiyemjua hubandikwa ukutani, na kabla gundi haijakauka mwenye sura anateremka garini: kumbe bibi yake ni Mkwere wa hapahapa! Sadfa iliyoje. Mwaka 2015 sura hii, 2020 ile, 2025 nyingine. Bibi ni yuleyule. (Undugu wenyewe, kura zikishahesabiwa, haupokei simu.) Wazee humkaribisha vizuri, wakauliza jambo moja tu: “Mjukuu wetu, kaburi la bibi liko upande gani?”