Dola Yenye Kovu

Nina hoja moja tu ya kisiasa, na sikuipata kitabuni. Katika Kongo yetu, pesa kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo inavyokaguliwa. Mama anayeuza sombe katika soko la Kavumu akipokea franga mia tano, ataikunjua, ataigeuza, ataitazama upande wa jua, kisha atamwita dada yake aitazame pia. Pesa yenye sufuri sita hupita bila kuulizwa imetoka kwa nani wala inakwenda kulala wapi. Wachumi wa Kinshasa wakitaka kunibishia, karibu. Waje na dola ishirini iliyochanika, tuzunguke nayo sokoni pamoja.

Yangu niliipata Desemba 2021. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alishuka na ndege kutoka Kinshasa kuja kwenye harusi ya binamu yao. Sisi watu wa Kavumu tuna bahati hiyo: mji wa Bukavu uko kilomita thelathini na kitu kusini, lakini uwanja wake wa ndege uko kwetu. Mkubwa yeyote aliyekuwa akiingia mkoani kwa ndege alipita kwanza mbele ya migomba yetu, vioo vya gari vimepandishwa juu kwa sababu ya vumbi. Mimi mwenyewe sijawahi kuruka. Ila bei ya kuruka naijua, maana shemeji alianza kuilalamikia kabla hata ya kuniamkia. Tangu 2009 abiria wa safari za ndani alikuwa akilipa dola 10 za Go-Pass juu ya tiketi yake, na anayevuka mpaka alilipa 50, ili viwanja vya ndege viendelezwe. Shemeji aligeuka akalitazama jengo alilotoka. Mimi pia nikalitazama. Tukapanda pikipiki bila kusema neno. (Uwanja huohuo, vita ilipoufikia Februari 2025, ndege za abiria zilikoma, na hapo mzaha wangu unaishia.)

Usiku shemeji alinipa dola ishirini. "Mwalimu, ya sabuni," akasema. Mwalimu wa Kongo hakatai sabuni. Tangu Septemba 2019 elimu ya msingi ni ya bure, jambo ninalolisifu mbele ya kila mtu, kwa kuwa niliona kwa macho yangu watoto wakijaa darasani mpaka kwenye dirisha. Lakini ule mchango wa wazazi uliokuwa ukiuongezea nguvu mshahara wetu uliondoka siku hiyohiyo, na wenzangu ambao majina yao hayakuwa kwenye orodha ya malipo walibaki wakifundisha kwa imani. Basi zile ishirini nilizigawa kichwani kabla ya usingizi: chumvi, daftari, deni la samaki wa sambaza, na kilichobaki ni mchango wa harusi. Kwa sabuni hakikubaki kitu.

Asubuhi nikaenda kwa mama kambiste, mbadili fedha wetu. Anakaa chini ya mwavuli kando ya barabara kubwa, mbele yake minara ya franga iliyofungwa kwa mipira. Akaipokea bileti yangu kwa ncha za vidole, akaivuta kidogo aisikie, akaiinua juu.

"Mwalimu, hii iko na kovu."

"Kovu gani tena, mama?"

Akanionyesha. Juu ya kichwa cha yule rais wa Marekani Jackson, mwenye nywele zisizokubali kitana, palikuwa na mchaniko wa urefu wa punje ya mchele.

Msomaji wa Tanga au Mombasa huenda asinielewe. Kwetu franga inaweza kuwa nyeusi, imeungwa kwa gundi katikati, inanuka samaki, na bado ikapokewa kwa shukrani. Dola haisamehewi hata kikunjo. Ikiwa na mchaniko, alama ya kalamu au muhuri, au ikiwa ya zamani yenye kichwa kidogo, imekufa, na mwenye nayo amefiwa. Tusilaumiane. Siku za mwisho za Mobutu zaire ilifika mpaka bileti ya milioni tano, na mwaka 1993 serikali ikaja na zaire mpya: milioni tatu za zamani kwa moja ya mpya. Mtu aliyeamka na milioni tatu akalala na moja lazima awe mkali kwa karatasi.

Mama akasema atanisaidia. Bei ya dola ishirini yenye afya ilikuwa franga elfu arobaini. Yangu ataichukua kwa elfu thelathini. Akanifafanulia kwa upole wa daktari: yeye ataipeleka kwa mtu Bukavu, wa Bukavu naye ana mtu wake ng'ambo ya mto Ruzizi, na kila mmoja lazima ale kidogo. Kumbe kovu langu lilikuwa na wafanyakazi. Nikakataa, nikaingia mitaani. Duka la dawa halikuitaka. Muuza mabati alimwita mwanawe aliyesoma Bukavu, na kijana akaimulika kwa taa ya simu, akapapasa kola ya Jackson kwa ukucha, akasikiliza, kisha akatikisa kichwa kama anatoa habari ya msiba. Mwenye nganda, yaani baa, hakuigusa kabisa. Aliitazama kwa mbali na kuniuliza kama nina nyingine.

Kila nilikoingia redio ilikuwa wazi, na kila redio ilikuwa ikizungumza juu ya pesa. Mwezi ule mwanasiasa Vital Kamerhe alikuwa ameachiliwa kwa muda, na mazungumzo yote ya mwaka uliotangulia yakafufuka. Huyu ni mzaliwa wa Bukavu, kwa hiyo kwetu kesi yake ilikuwa kesi ya ukoo. Mwaka 2020, shule zimefungwa kwa ajili ya korona na mimi sina wa kumfundisha, tuliifuata moja kwa moja kutoka gereza la Makala: mkurugenzi wa ofisi ya rais, karibu dola milioni 50 za umma zilizodaiwa kufujwa, nyumba 1,500 za kuunganishwa zilizotajwa katika programu ya siku mia moja za Rais Tshisekedi. Kavumu yote ikawa na mawakili. Watu waliokuwa wakigombea mpaka wa shamba waliacha ugomvi wao ili wagombee kifungu cha sheria. Juni 2020 akahukumiwa miaka 20. Rufaa ikaipunguza mwaka uliofuata ikawa 13. Juni 2022 akafutiwa mashtaka. Mwaka 2024 akakalia kiti cha rais wa Bunge la Taifa, na Septemba 2025 akakiacha. Mimi si hakimu, na wenye kazi hiyo walikwisha kusema. Kilichobaki kichwani mwangu ni swali la jirani yangu seremala, ambaye nusu ya nyumba za mbao mtaani kwetu zimetoka mikononi mwake. Siku ya hukumu ya kwanza aliweka msumeno chini akauliza: "Hizo milioni hamsini, nani alizishika kwa mkono? Aliziangalia kwenye jua?" Tulimcheka. Mwaka mmoja na nusu baadaye, nimesimama mbele ya duka la mabati na Jackson wangu mkononi, sikuona tena cha kucheka.

Siku zile mkaguzi mkuu wa fedha, Jules Alingete, alikuwa akisikika redioni kuliko mwimbaji Fally Ipupa. Doria yake ya fedha ilitisha watu wazito, na kwa hilo nampa heshima yake. Lakini alikosa kitu kimoja. Angechukua mama kambiste mmoja tu wa Kavumu, akampa mwavuli na kiti mbele ya mlango wa hazina ya taifa, kila franga inayotoka iinuliwe juani kwanza, deni la nchi lingeshangaa.

Jumamosi ikawa harusi. Hapa lazima niseme neno kuhusu muziki, kwa sababu ndio uliotaka kuniokoa. Wiki hiyo UNESCO ilikuwa imeandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na redio zilipiga rumba tangu alfajiri, tukajiona matajiri. Sasa, rumba yetu ina desturi ya kutupa libanga: katikati ya wimbo mwimbaji hutaja jina la mkubwa fulani, mfanyabiashara, mbunge, jenerali, na mkubwa huyo hutoa kitu. Si mambo ya juzi. Mwaka 1960 Kabasele na bendi yake ya African Jazz walipoimba uhuru, waliingiza majina ya viongozi na vyama ndani ya wimbo. Mwaka 1984 Franco alimwimbia Mobutu wimbo mzima wa kampeni, na mgombea alikuwa ni yeye Mobutu peke yake, jambo ambalo nadhani lilirahisisha kupata vina. Tangu hapo waimbaji kina Koffi na Werrason wameongeza majina mpaka wimbo mwingine unafanana na orodha ya mahudhurio. Watu wanailaumu desturi hii. Mimi naitetea. Serikali haijawahi kunitumia taarifa ya matumizi, lakini nikisikiliza albamu moja kwa makini najua mwaka ule pesa ilikuwa inakaa kwa akina nani.

Mwanamuziki wa harusi yetu alikuwa na kinanda, kipaza sauti kimoja na vijana wawili wa kuitikia. Utaratibu ni uleule wa wakubwa: unacheza ukimwendea, unambandika bileti kwenye paji la uso, anakutaja. Nikapiga hesabu. Ni usiku, taa ni ya jenereta, mtu anaimba na jasho linamtiririka. Nani atatafuta kovu saa hiyo? Nikasubiri wimbo upambe moto. Nikaingia uwanjani kwa hatua za mwalimu mkuu, nikambandika Jackson kwenye paji, upande wenye kovu ukiwa ndani. Akanitaja. Akataja shule, akataja kata, akaitaja Kavumu yote kwa ajili yangu. Mke wangu alipiga vigelegele. Kwa muda mfupi nilijua wabunge wanasikia nini.

Kisha, bila kuacha kucheza na bila kupoteza mdundo, akaibandua, akaiinua kwenye balbu, na kwa sauti tamu ileile akawaimbia wageni wote kwamba dola ya mwalimu iko na kovu. Vijana wake wakaitikia mara moja, kwa sauti mbili zilizopangwa vizuri ajabu. Watu wakainuka. Wazee waliokataa kucheza tangu mchana wakainuka. Mashemeji wakafanya mstari. Kovu langu likawa wimbo bora wa usiku ule, ukaombwa tena na tena, na bibi harusi mwenyewe aliucheza mpaka kilemba kikalegea.

Walipopumzika, mwanamuziki alinifuata nyuma ya turubai, akanirudishia bileti kwa mikono miwili. Kabla sijaipokea akasema, "Mwalimu, naweza kuichukua kwa elfu ishirini na tano. Sasa imelowa jasho." Nikauza.

Kwa franga hizo nikalipa deni la sambaza, na nilichobakiwa nacho nikanunua inite za simu. Nilikuwa na hasira, na hasira ya raia ina njia moja: kupiga simu redioni kwenye kipindi cha wasikilizaji. Lakini ulikuwa bado wakati wa RAM, lile daftari la simu za mkononi lililoanza Septemba 2020. Mwenye simu ya 3G au 4G alitakiwa kulipa dola 7 kwa mwaka, mwenye simu ndogo dola moja na kidogo, na pesa haikudaiwa kwa barua. Ilikatwa kwenye inite zako kidogo kidogo kila ulipoingiza. Wabunge walikuwa wamemhoji waziri Oktoba ile kwa makelele, na mwanzoni mwa 2022 RAM ikafutwa. Mimi nilipiga Desemba.

Nilijiandaa. Niliandika hotuba yenye sehemu tatu: Go-Pass, mishahara ya walimu, na RAM yenyewe. Nikaingiza inite, RAM ikala sehemu yake, zikabaki za kutosha kusalimia. Baada ya kungoja sana nikasikia sauti yangu ikitoka kwenye redio ya jirani. "Habari ya mchana. Mimi ni mwalimu kutoka Kavumu. Kwa unyenyekevu mkubwa naomba pesa..." Nilikuwa nikiendelea "...ya wananchi itolewe hesabu," lakini hayo niliyasema peke yangu chumbani. Mtangazaji alimshukuru msikilizaji wa Kavumu, akawaambia wenye moyo mwema wamesikia, akapiga rumba.

Nilipopita barabarani jioni, mama kambiste alinisimamisha. "Mwalimu, kweli umefikia kuomba kwenye redio? Ungesema tu, ningeongeza elfu mbili." Wanafunzi wangu waliacha kunisalimia kwa kelele, wakanisalimia kwa huruma.

Jumapili baada ya misa wazee wa shirika letu la kanisani walikuja nyumbani. Walileta maharage kwenye beseni, mkungu wa ndizi, na bahasha. Mwenyekiti aliomba kwanza, kisha mtunza hazina akafungua daftari. Ndani yake kila jina lilikuwa na mstari wake na kiasi chake, mpaka bibi mmoja aliyetoa franga mia. Zikahesabiwa mbele yangu, zikahesabiwa mbele ya mke wangu, zikahesabiwa na katibu. Moja iliyopauka ikapelekwa dirishani kuchunguzwa. Jumla ikawa elfu tisa na mia nne. Nikatia sahihi mahali pa kupokea, mke wangu akatia sahihi kama shahidi, na seremala akatia dole kwa sababu alikuwa karibu.

"Sasa, mwalimu," mwenyekiti akasema akifunga kalamu, "Jumapili ijayo utatuletea ripoti ya matumizi. Na beseni."