Namna ya Kuwa na Seva Mbili Zisizozimika Pamoja

Msimu wa pamba ukifunguliwa Bariadi, tovuti ya ushirika inayotangaza bei haitakiwi kupotea. Jina lake la .co.tz likikosa seva ya DNS ya kulijibia, tovuti na barua pepe havipatikani hata kama mashine zake zinanguruma. Fuata hatua hizi.

1. Zitenganishe. Seva mbili katika chumba kimoja cha Somanda, zikila umeme wa soketi moja, zitazimika siku moja. Januari 2001 Microsoft ilikuwa na seva nne za DNS, zote nyuma ya ruta moja. Mipangilio ya ruta ilipovurugwa, tovuti zake zilipotea karibu siku nzima. Waraka wa kiufundi wa intaneti, RFC 2182 wa mwaka 1997, unataka seva ziachane kwa mahali na kwa mtandao. Kuu ikae Bariadi, ya akiba Mwanza kwa kampuni nyingine ya intaneti. Usizipeleke zote ng'ambo: Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikaathirika.

2. Chagua wa kunakili. Kwenye BIND, programu ya seva ya DNS, mstari wa allow-transfer utaje seva ya akiba pekee, kwa ufunguo wa TSIG. Ukiruhusu kila mtu, umegawa orodha nzima ya mashine zako. Fungua poti 53 kwa UDP na TCP pia, maana zoni, yaani faili la rekodi za jina lako, hunakiliwa kwa TCP.

3. Washa NOTIFY, iliyowekwa na RFC 1996 ya Agosti 1996. La mgambo likilia lina jambo: ujumbe huu hauleti zoni mpya, unaiita tu seva ya akiba ije itazame namba ya toleo la zoni kwenye rekodi ya SOA. Ikiikuta kubwa kuliko yake, inanakili. Bila wito huo inasubiri muda wa refresh uishe, na ukiwa umeandika 86400, ni siku nzima. BIND huziarifu yenyewe seva zilizo kwenye rekodi za NS. Nyingine ziandike kwenye also-notify.

4. Pandisha namba hiyo. Ukihariri zoni siku ya Nanenane ukiwa kwenye maonyesho ya Nyakabindi, andika 2026080801: mwaka, mwezi, siku, kisha mara ya ngapi. Ukihariri tena jioni, 2026080802. Ukiisahau, seva ya akiba itaona namba ile ile na kubaki na anwani ya zamani. Mkulima wa Maswa atafika kwenye tovuti mpya, wa Meatu ataishia kwenye ya zamani, na wote watakupigia simu wewe.

5. Izime seva kuu kwa makusudi, mchana, mafundi wakiwepo. Iulize ya akiba kwa amri ya dig; ikijibu, umefaulu. Kisha kagua expire, muda ambao seva ya akiba huendelea kujibu bila kuifikia kuu: RFC 1912 inashauri wiki mbili hadi nne. Ukiandika 3600, kuu ikizimika, seva ya akiba nayo itaacha kujibu baada ya saa moja tu, kabla fundi hajatoka Mwanza.