Kaptula ya Ziwa Pepin

Miongoni mwa mavazi yote aliyoyabuni mwanadamu kwa ajili ya kujisitiri, silijui vazi linalouzwa kwa maneno mengi na kitambaa kichache kama kaptula ya majini, ile pana ifikayo magotini, yenye maua makubwa na rangi za kuumiza macho, ambayo wapanda mawimbi wa Hawaii na California waliipa umaarufu na ambayo leo huvaliwa hata na watu ambao maji yaliyo karibu nao ni ya bombani tu. Nasema haya bila ya chuki. Mtu aliyezaliwa Mombasa, akalelewa katika nyumba ambamo mtoto wa kiume alifundishwa kabla ya hesabu kwamba baina ya kitovu na magoti pasionekane kitu, hana sababu ya kuichukia kaptula inayolitimiza sharti la chini; shaka yangu yote ilikuwa juu ya lile sharti la juu.

Naishi Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, ambalo vibao vya magari yake hutangaza maziwa 10,000, na ambalo wenyeji wake, wakisha kuivumilia baridi isiyosemeka, huyavamia maziwa hayo wakati wa kiangazi kwa bidii ya watu wanaodai deni. Mwenzangu wa kazini, mtu muungwana mwenye boti, alinialika kwenda kuteleza juu ya maji kwa ski, na mwaliko wenyewe ulikuwa wa Ziwa Pepin, ambalo kwa hakika ni Mto Mississippi uliojitanua baina ya Minnesota na Wisconsin, na ambalo ndilo chimbuko la mchezo huo. Hapo, mbele ya mji wa Lake City, mwaka 1922, kijana wa miaka 18 aitwaye Ralph Samuelson, akiwa amekwisha kushindwa kwa mbao za mapipa na kisha kwa ski za theluji, alitwaa mbao mbili ndefu, akazichemsha ncha katika chombo cha mama yake cha kuchemshia nguo mpaka zikakubali kupindika, akazipigilia mikanda ya ngozi ya kutilia miguu, akashika kamba iliyovutwa na boti ya nduguye, na baada ya kunywa maji mengi ya mto akatambua kwamba siri yote ni kujilaza nyuma na kuziacha ncha zichungulie juu. Miaka mitatu baadaye aliruka hewani kutoka kwenye jukwaa alilolipaka mafuta ya nguruwe ili liteleze, habari ambayo mke wangu alipoisikia alitoa rai kwamba jambo lililoanza kwa chombo cha mama wa watu na kuendelea kwa mafuta ya nguruwe halitazamiwi kuwa na hatima njema.

Mavazi ya kuogelea ya zama za Samuelson yalifumwa kwa sufu, yakilowa huwa mazito ya kumzamisha mwenyewe, wala sidhani kwamba yupo anayeyalilia. Lakini yalikuwa na fadhila moja adhimu, nayo ni kwamba yaliangikwa mabegani. Kaptula haina bega. Dhima yake yote iko kiunoni, na viuno vya watu wazima, hasa vile vilivyokwisha kulewa pilau za miaka mingi, aghalabu si mahali pa kuegemeza amana.

Dukani nilipokewa na kijana mwenye adabu na ufasaha, aliyenipa nasaha juu ya kaptula kwa muda ambao fundi wa kwetu angekwisha kuikata, kuishona na kuipiga pasi. Alinionyesha kwamba haina lastiki, kwa kuwa ukanda wake wa kiuno umekaa imara wala hautanuki. Kwamba haina wavu wa ndani, ambao huchubua. Kwamba mbele, badala ya zipu, ina kipande cha velkro na kigwe kilichopenyezwa katika matundu yenye pete za chuma. Na kwamba chini ya mfuko wake wa nyuma pana kitundu kidogo, kizuri, cha kuyatolea maji nje. Kitambaa, aliniambia kwa fahari, hunyumbuka pande nne. Nilimwuliza ikiwa pia hurudi pande nne, akacheka, nami nikacheka kwa ajili ya adabu, ilhali swali langu lilikuwa la haki.

Baadaye nilipochunguza asili ya vazi hili niliona kwamba halikuwa na kosa lolote. Lilibuniwa tu kwa ajili ya watu wengine. Mafundi cherehani kama M. Nii wa Waianae, Hawaii, na mume na mke wa California, Walter na Nancy Katin, ambao kazi yao ilikuwa kushona vifuniko vya boti mpaka wapanda mawimbi wakawajia wakitaka kaptula za turubai lile lile, walikuwa wakimshonea mtu anayekaa na kupiga magoti juu ya ubao uliopakwa nta, naye alihitaji mapaja yasichubuke na mishono isiachane. Mtu huyo huanguka kwa mwendo wa wimbi. Mwenye ski huanguka kwa mwendo wa mashine, kilomita 40 kwa saa na zaidi, na kabla ya kupata heshima ya kuanguka huanza kwa kuchutama majini, magoti kifuani, huku boti ikimburura mpaka ainuke, na kila pindo lililo wazi likiteka maji na kuyavuta kuelekea yanakotaka yenyewe.

Mke wangu alipoiona alisimama kitambo. “Baba Salma,” akasema, “hii ni kaptula au ni pazia?” Nikampigia simu mjomba wangu wa Mombasa, ambaye amekaa nyuma ya cherehani tangu ujana wake, nikamweleza jinsi kigwe kilivyo mbele tu, kikiyakutanisha matundu na kuishia hapo. Mjomba alinyamaza, kisha akasema, “Mpwa wangu, kigwe kisichozunguka kiuno hicho si kigwe, ni urembo. Funga kikoi, kaza kibwebwe juu yake, uende zako.” Kuhusu kipimo, ilikuwapo ya inchi 34, iliyonikaa barabara nilipovuta pumzi, na ya inchi 36, iliyoniruhusu kuitoa. Nikachukua ya 36, kwa rai ya kioo cha dukani, ambacho hakijapata kulowa.

Mwenye boti yeye alivaa kaptula fupi ya mpira mzito iliyombana kama ngozi yake ya pili, akanitolea nyingine sandukuni mwake na kunisihi niivae chini ya yangu. Sababu alinieleza akiwa ameukazia macho ufuo wa Wisconsin. Watengenezaji wa pikipiki za majini hubandika katika vyombo vyao onyo la maandishi kwamba mtu akiangukia maji kwa kishindo, maji huweza kuingia kwa nguvu katika matundu ya mwili na kumdhuru vibaya ndani, wala nguo ya kawaida ya kuogelea haitoshi kuyazuia. Na yaliyo kweli kwa pikipiki ni kweli kwa ski. Hoja ilikuwa nzito, lakini ile kaptula yake ilikuwa ya namna inayoyatangaza yale ambayo nguo huvaliwa ili yanyamaziwe, na botini alikuwamo mama mkwe wake. Sheria ya Minnesota hutaka awepo mtu wa kumtazama mtelezaji, au kioo kipana cha kumwonea, na siku ile kazi hiyo alipewa bibi huyo, mwenye kofia ya majani na macho makali. Mimi nimetoka katika watu ambao mtu akimwona mkwewe njiani hushuka ukingoni. Hata mkwe wa mwenzangu nikaona anastahiki taadhima hiyo. Nikabaki na kaptula yangu ya maua, na chini yake nguo ya ndani ya pamba, nyeupe.

Nilifundishwa ishara: kidole gumba juu maana yake ongeza mwendo, gumba chini, punguza, kiganja kupitishwa shingoni, zima mashine. Kisha boti ikavuta, nikainuka. Wallahi niliinuka, nikajilaza nyuma alivyofanya Samuelson, nikaona maji yakipita chini yangu na Wisconsin ikipita kando yangu, na katika furaha ile nikahisi kwamba kaptula imekwisha kuanza safari yake peke yake. Velkro iliachia kwa mlio nilioudhania kuwa wa mfupa. Nikauacha mkono mmoja kwenye kamba, na wa pili nikaukamata ukanda wa kiuno na kuuvuta juu kwa nguvu zangu zote, vidole vinne ndani ya ukanda na gumba nje, limesimama wima. Bibi aliliona. Alikuwa mwaminifu katika kazi yake. Akamgeukia mkwewe na kumpungia. Boti ikaongeza mwendo. Nikavuta zaidi, gumba likasimama zaidi, na bibi, kwa uso wa mtu aliyestaajabia ushujaa wa mgeni, akapunga tena.

Nilianguka ubavu, kwa rehema za Mwenyezi Mungu, na yale yaliyoandikwa katika lile onyo hayakunifika. Ski moja ilikwenda zake. Ya pili ilibaki mguuni, na kaptula, ikiwa imekwisha kuteremka njia yote, ilizuiliwa na ski hiyo isipate kutoka. Ilikuwapo basi, lakini ilikuwa mguuni, na jaketi la kuokolea lililoniinua kifua juu ya maji lilikataa katakata niiname kuifikia. Kila nilipojikunja lilinikunjua. Mguu nikaurudisha juu kwa mkono, ski ikaniziba uso, na boti inakuja. Nililazimika pia kuinua mkono kuwaonyesha kwamba ni salama, na mikono ya mwanadamu ni miwili tu.

Bibi akauliza kama nahitaji msaada. Nikamwomba kipande cha kamba. Hakuuliza cha nini. Alikirusha, akaivuta kofia yake mpaka puani, akaanza kuyasifu mawingu kwa sauti. Nikaivaa kaptula chini ya maji kwa njia ambayo sitaieleza, nikaizungusha kamba kiunoni mara mbili, nikapiga fundo wanalolipiga manahodha wa kwetu, na kwa fundo lile niliteleza mpaka alasiri bila ya kaptula kushuka hata unyoya.

Fundo lililolowa nalo lina inda. Lilikataa vidole, likakataa meno, na usiku ule mke wangu alilikata kwa kisu cha samaki, akinitaka nisicheke wala nisipumue. Alipomaliza aliikunjua ile kaptula, akaitazama mbele na nyuma, akaniuliza kama duka lile hurudisha fedha kwa mwenye risiti. Nikamwambia kwamba risiti niliitia katika mfuko wa nyuma, ule wenye kitundu kidogo, kizuri, cha kuyatolea maji nje.